Nguruwe Si Jalala

Mimi ni Bwana Shamba. Umri wangu ni miaka 46. Nilipata cheti changu cha kilimo mwaka 2002. Tangu hapo nimefanya kazi vijijini, mkoani Manyara. Nimewafundisha wakulima mambo mengi. Mengi yalikuwa ya kweli na yaliwafaa. Lakini jambo moja nililofundisha lilikuwa kosa. Leo nataka kukueleza kosa hilo, ili wewe usilirudie.

Kosa lenyewe ni maneno haya: "Mahindi yaliyooza mpe nguruwe."

Huenda hata wewe umewahi kuyasema. Watu wengi husema nguruwe ana tumbo la chuma. Husema hakuna chakula kinachomdhuru. Kwa hiyo humpa makombo, maganda, machicha ya pombe na mahindi yenye ukungu. Hudhani kwamba nguruwe hula uchafu na kuugeuza kuwa nyama safi. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Ndugu msomaji, nguruwe hageuzi kila kitu. Vitu vingine huvihifadhi mwilini mwake. Kisha sisi tunakuja kuvila.

Mahindi ya mwaka 2011

Mwaka 2011 nilikuwa katika kata moja ya wilaya ya Babati. Kata hiyo haikuwa na Bwana Mifugo wakati ule. Kwa hiyo nilifanya kazi zote mbili. Watu waliniuliza habari za mahindi na mbaazi. Waliniuliza pia habari za kuku, mbuzi na nguruwe.

Kijijini palikuwa na mama mmoja mjane. Alikuwa na umri kama wa mama yangu mzazi. Alilea wajukuu watatu. Mkubwa wao alikuwa sekondari. Mama huyo alikuwa na nguruwe jike mmoja, na nguruwe huyo alizaa watoto 9. Wote 9 walikua vizuri hadi walipoachishwa kunyonya. Mpango wake ulikuwa kuwauza wakishakua ili alipe karo ya mjukuu.

Mwaka ule mvua ilichelewa kukatika. Mahindi yalikuwa yamekomaa shambani, lakini mvua ikayanyeshea. Mama alivuna kwa haraka kwa kuogopa wezi na ngedere. Hakuwa na turubai. Aliyaanika chini, penye udongo. Mvua iliponyesha aliyakusanya yakiwa bado na maji, akayatia katika magunia.

Siku moja nilipita kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Bwana Shamba. Umefika wakati mzuri. Hebu njoo uone."

Alinionyesha magunia matatu. Nilitia mkono ndani ya gunia moja. Mahindi yalikuwa ya moto. Yalinuka uvundo. Punje nyingi zilikuwa na ukungu wa kijani. Nyingine zilikuwa na ukungu wa kijivu, na nyingine zilikuwa nyekundu nyekundu.

"Haya siwezi kuwapikia wajukuu," alisema. "Nifanyeje? Nitupe?"

Nilimhurumia. Magunia matatu ni jasho la miezi mingi. Sikutaka kumwambia atupe. Nikamjibu upesi, "Usitupe mama. Saga uwape nguruwe. Wao hawadhuriki."

"Kweli?"

"Kweli mama."

Aliniamini, maana mimi ndiye niliyekwenda chuoni.

Watoto wa nguruwe walivyodhoofu

Wiki ya kwanza sikuona tatizo. Wiki ya pili mama alinieleza kwamba watoto wa nguruwe hawamalizi chakula. Wiki ya tatu nilikwenda kuwaona. Manyoya yao yalikuwa yamesimama na kukosa mng'ao. Walikuwa wamekonda hadi mbavu zinaonekana. Walikunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara. Wawili walikuwa na macho ya manjano.

Kwanza niliogopa homa ya nguruwe. Lakini homa ya nguruwe huua kwa haraka, wakubwa kwa wadogo. Hawa walidhoofu polepole, na mama yao alikuwa bado anasimama na kula. Nikasema ni minyoo. Nikawapa dawa ya minyoo. Haikusaidia kitu.

Na wakati wote huo, ndugu msomaji, kihori kilikuwa kinajazwa mahindi yale yale, asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe nilisimama karibu na kihori. Niliuona ukungu, wala sikuufikiria.

Katika mwezi mmoja walikufa wanne. Wa tano alipoanza kudhoofu, mama aliamua kumchinja kabla hajafa, ili asipate hasara yote. Nilikuwapo. Tulipompasua tuliona ini lenye rangi ya manjano. Ini zuri huwa jekundu lililokolea. Figo zilikuwa zimevimba na kupauka.

Mama alisema nyama ni kidogo, lakini maini na figo ni laini, zitawafaa watoto. Akazikaanga. Wajukuu walikula. Akanitengea na mimi sahani yangu, kwa sababu nilikuwa mgeni wake. Nikala.

Hakuna aliyeugua siku ile. Hakuna aliyeugua kesho yake. Ndiyo maana nilizidi kuamini kwamba hakuna ubaya. Sumu ninayotaka kukueleza habari zake mara nyingi haigongi mlango ikiingia. Huingia kimya kimya, hukaa ndani, na huongezeka kidogo kidogo.

Mwaka 2016

Katikati ya mwaka 2016 watu waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Walitapika, matumbo yalijaa, na macho yakawa ya manjano. Waliougua walikuwa zaidi ya 60, na karibu 20 walifariki. Wengi wao walikuwa watoto. Wataalamu walipochunguza walikuta kwamba watu hao walikula mahindi yenye sumu ya ukungu.

Wenzetu wa Kenya walikuwa wamepata msiba mkubwa zaidi mwaka 2004. Huko waliugua watu 317, na 125 kati yao walikufa. Sababu ilikuwa ile ile: mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu.

Baada ya msiba wa mwaka 2016 nilihudhuria mafunzo. Mwalimu alieleza dalili za mifugo inayokula chakula chenye ukungu. Alitaja manyoya kusimama, kukonda, kunywa maji mengi, macho ya manjano, ini la manjano na figo zilizopauka. Kila alilolitaja, mimi nilikwisha kuliona katika lile banda la mama mjane. Niliinamisha kichwa. Sikuweza kuandika tena.

Sumukuvu ni nini?

Sasa nikueleze niliyojifunza.

Ukungu unaouona kwenye mahindi ni kiumbe mdogo sana aitwaye kuvu. Kuvu hupenda joto na unyevu. Akiota katika punje, aina nyingine za kuvu hutengeneza sumu. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Ukungu waweza kuuona kwa macho. Sumu yenyewe huwezi kuiona, kuinusa wala kuionja. Hata ukiufuta ukungu, sumu hubaki ndani ya punje.

Sumukuvu ziko za aina nyingi. Kwa mfugaji wa nguruwe, mbili ni za kujua kwa majina.

Ya kwanza ni aflatoksini. Hii ndiyo iliyoua watu mwaka 2004 na mwaka 2016. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza. Bata hao walilishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Aflatoksini hushambulia ini. Wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu.

Ya pili ni okratoksini. Hii hushambulia figo. Huko Denmaki watu hufuga nguruwe wengi sana. Tangu mwaka 1928 waganga wa mifugo wa huko waliandika kwamba nguruwe waliokula nafaka yenye ukungu waliugua figo. Katika miaka ya 1970 wataalamu walithibitisha kwamba okratoksini ndiyo iliyoleta ugonjwa huo. Serikali ya huko ikaweka utaratibu machinjioni. Nguruwe akikutwa na figo zilizopauka, figo zilipimwa. Sumu ikizidi kipimo, nguruwe mzima alitupwa, si figo peke yake.

Fikiri, ndugu msomaji. Walimtupa nguruwe mzima. Sisi tuliwakaangia watoto zile figo.

Ziko na sumukuvu nyingine. Moja humfanya nguruwe akatae chakula na kutapika. Nyingine hujaza maji katika mapafu, nguruwe akahema kwa shida. Nyingine huvimbisha uke wa nguruwe jike mdogo, ukadhani anataka dume kumbe umri wake bado. Mara nyingi chakula kimoja chenye ukungu huwa na sumu zaidi ya moja.

Mtungi wenye tundu dogo

Mkulima mmoja aliniuliza, "Nguruwe akila sumu kidogo leo, si itatoka kwenye mavi na mkojo?"

Ni swali zuri. Ni kweli, sumu nyingine hutoka. Lakini haitoki yote, wala haitoki upesi.

Chukua mtungi wenye tundu dogo chini. Kila siku mimina kikombe kimoja cha maji. Maji yatavuja kidogo kidogo. Lakini kama unamimina upesi kuliko yanavyovuja, maji yatapanda ndani ya mtungi. Kila siku umemimina kikombe kimoja tu, lakini baada ya muda ndani mna vikombe vingi.

Hivyo ndivyo okratoksini inavyofanya mwilini mwa nguruwe. Ikishaingia tumboni huenda katika damu. Katika damu hung'ang'ania kama kupe, na figo hazitoi ila kidogo. Sehemu nyingine hupita katika nyongo, ikashuka utumboni, kisha ikafyonzwa tena na kurudi katika damu. Baada ya nguruwe kuacha kula chakula kibaya, huchukua siku 3 hadi 5 kwa sumu kupungua kufika nusu. Siku nyingine 3 hadi 5 hupungua nusu ya ile iliyobaki. Katika figo sumu yaweza kuonekana hata baada ya mwezi mmoja hivi.

Basi kama kila siku unamwongezea, itaisha lini?

Okratoksini nyingi hukaa katika damu na figo. Halafu ini. Halafu nyama. Katika mafuta huwa kidogo. Kwa hiyo zile sehemu laini tunazowapa watoto na wageni ndizo zenye sumu zaidi.

Aflatoksini hutoka mwilini mapema kuliko okratoksini. Lakini huliacha ini limeharibika. Nayo pia hukutwa katika ini na figo za nguruwe aliyekuwa akiila hadi siku ya kuchinjwa.

Kwa nini wadogo huumia zaidi?

Kwanza, mtoto wa nguruwe hula chakula kingi kwa kulinganisha na uzito wake, maana anakua. Kwa hiyo hupata sumu nyingi kwa kila kilo ya mwili wake.

Pili, ini na figo zake hazijakomaa. Ini ndilo linalopambana na sumu.

Tatu, sumu hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Mtoto wa nguruwe huanza kuharisha na kukohoa. Wewe unanunua dawa ya kuhara na dawa ya kikohozi. Pesa zinakwisha, lakini sababu yenyewe imo ndani ya kihori.

Nne, huanza mapema. Mama akila chakula chenye sumu, sehemu ya sumu hupita katika maziwa yake. Mtoto hunyonya sumu kabla hata hajaonja pumba.

Huenda utasema, "Basi nitampa ng'ombe." Hapana. Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na wadudu wadogo walio ndani yake huivunja okratoksini. Lakini aflatoksini hupita, ikaingia katika maziwa. Maziwa hayo hunywewa na watoto wako.

Nilirudi kwa mama

Baada ya mafunzo sikuwa na raha. Nilikuwa nimehamishiwa kata nyingine. Lakini siku ya Jumamosi nilipanda baiskeli nikaenda kwa yule mama. Miaka mitano ilikuwa imepita. Nilimkuta anapura mbaazi. Alinipa kigoda.

Nilimweleza yote. Nilimwambia kwamba yale mahindi niliyomwambia asitupe yalikuwa na sumu. Nilimwambia kwamba hapakuwa na minyoo.

Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo wale nguruwe tuliwaua wenyewe?"

"Niliwaua mimi, mama. Wewe ulinisikiliza tu."

"Na figo tulizokula?"

"Zile hazikufaa kuliwa."

Alinitazama. Akasema, "Nawe ulikula pamoja nasi. Ungejua usingekula."

Sikuwa na jibu. Mjukuu wake mkubwa alikosa muhula mzima mwaka 2011 kwa sababu ya karo. Hilo mama hakulisema, lakini mimi nililijua.

Kisha mama aliniuliza swali ambalo kila Bwana Shamba anapaswa kulijibu. "Sawa mwanangu. Nimekuelewa. Lakini mvua ikinyeshea mahindi tena, nitayapeleka wapi? Mimi si tajiri. Siwezi kutupa magunia matatu."

Kumwambia mkulima maskini "tupa" ni rahisi. Lakini asiye na kitu hatupi chakula kwa sababu amesikia hotuba. Atatupa akijua jinsi ya kuokoa kingine. Basi tulikaa pale hadi jioni tukizungumza. Haya ndiyo tuliyokubaliana.

Kabla ukungu haujaingia

Vuna mahindi mara yakishakomaa. Usiyaache shambani yakinyeshewa.

Usianike juu ya udongo. Kuvu hukaa katika udongo. Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja. Jioni yakusanye na kuyafunika, maana umande huyarudishia unyevu.

Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa kavu, tia mahindi hadi theluthi moja. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka vizuri. Funga chupa, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi hayajakauka. Endelea kuyaanika.

Usipure kwa kupiga kwa fimbo kwa nguvu. Punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu.

Hifadhi mahali pakavu. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukiweza, nunua mifuko isiyopitisha hewa. Tengeneza paa lisivuje. Dhibiti panya na wadudu, maana nao hutoboa punje.

Ukungu ukishaingia

Kaa na watu wa nyumbani mchambue. Funika pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi la ukungu ni baya. Ondoa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizotobolewa na wadudu. Pepeta uondoe vumbi na vipande. Sumu nyingi huwa katika punje chache mbovu. Ukiziondoa hizo umepunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Lakini gunia likiwa limeoza lote, hakuna cha kuchambua. Lote ni la kutupa.

Zile mbovu zichome moto au uzifukie. Usimpe nguruwe, kuku, mbwa wala ng'ombe. Usizipikie pombe.

Usidanganywe na moto. Kuchemsha uji wa nguruwe hakuondoi sumu. Kuvu hufa, lakini sumu haifi. Kuosha na kuanika juani baada ya ukungu kuota hakutoshi pia.

Angalia pumba. Watu wengi hukoboa mahindi mabovu, wakala sembe na kumpa nguruwe pumba. Sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini cha punje, na hivyo ndivyo viingiavyo katika pumba. Kwa hiyo pumba huwa na sumu kuliko sembe. Angalia vile vile mashudu ya alizeti na ya karanga. Ukinunua, nusa na utazame. Yakiwa na uvundo, madonge au ukungu, yaache dukani.

Safisha kihori kila siku. Mabaki ya jana huota ukungu leo. Usichanganye chakula cha wiki nyingi wakati wa mvua.

Kabla hujachinja

Nguruwe akionyesha dalili nilizozitaja, badilisha chakula siku hiyo hiyo. Mpe chakula safi na maji mengi. Mwite Bwana Mifugo. Wakifa ghafla wengi kwa pamoja, toa taarifa upesi na usihamishe nguruwe wala nyama, maana yaweza kuwa homa ya nguruwe.

Usimchinje nguruwe mgonjwa kwa sababu ya kuogopa hasara. Mlishe chakula safi kwa muda usiopungua mwezi mmoja kwanza.

Nyama ikaguliwe. Ukiona ini la manjano au lenye mabaka, au figo zilizovimba na kupauka, usile wala usiuze. Mwonyeshe mkaguzi nyama yote.

Kipimo kidogo kuliko unavyodhani

Sheria ya viwango ya nchi za Afrika Mashariki inasema mahindi ya kuliwa na watu yasizidi maikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja. Maikrogramu ni kitu kidogo sana. Chukua magunia 10,000 ya mahindi, kila moja la kilo 100. Kiasi cha sumu kinachoruhusiwa ndani ya magunia yote hayo ni gramu 10 tu. Hiyo ni karibu vijiko viwili vya chai vya chumvi. Sasa usiniambie tena, "Ni ukungu kidogo tu."

Neno la mwisho

Yule mama bado anafuga nguruwe. Mwaka 2019 mvua ilimharibia tena mahindi, ingawa si kama mara ile. Alikaa na wajukuu wakachambua siku mbili. Debe mbili walizifukia nyuma ya nyumba. Niliona shimo lenyewe. Najua kulichimba kulimwuma. Lakini mwaka ule watoto wa nguruwe 8 walikua wote, na wote aliwauza.

Kila nikimtembelea hunitania mbele ya majirani. Husema, "Huyu ndiye Bwana Shamba aliyeniambia nisitupe." Watu hucheka. Nami hucheka, kisha huwaeleza majirani hao habari yote tangu mwanzo, kama nilivyokueleza wewe.

Ndugu msomaji, kama una jirani asiyejua kusoma, msomee ukurasa huu. Kama mna kikundi cha wafugaji, someni pamoja na mjadiliane. Na kama kuna mtu aliyewahi kukwambia umpe nguruwe mahindi yaliyooza, hata kama mtu huyo ana cheti, mwambie amekosea. Mimi niliyasema maneno hayo, na nilikosea.

Nguruwe si jalala. Utakachomlisha, kitarudi mezani kwako.